Diski nzima, data mbovu: kutafuta makosa ya DMA kwenye draiva za kompyuta za zamani

Kosa la DMA, yaani njia ya kifaa kufikia kumbukumbu bila kupitia prosesa, hupenda kumsingizia asiye na hatia. Disketi inatupwa, kisoma disketi kinabadilishwa, kebo inabadilishwa, na kosa linabaki palepale, kwa sababu diski haikuwa na shida: draiva, yaani programu inayoendesha kifaa, ndiyo iliyotaja anwani mbaya, hesabu mbaya au wakati mbaya. Mwongozo huu ni kwa fundi wa Lubumbashi anayeletewa 286, 386 au 486 inayoendesha mashini ya karakana au kipimo cha maabara, na kwa anayejiandikia draiva yake chini ya DOS. Sehemu kubwa inahusu PC zenye sloti za ISA, nafasi za kadi za zamani. PCI, iliyokuja baadaye, inaguswa mwishoni.

Hakikisha kwanza kwamba DMA imo

DMA maana yake kifaa kinaweka data kwenye kumbukumbu bila prosesa kubeba kila baiti. Kwenye PC kazi hiyo ni ya chipu 8237A: XT ina moja, AT ina mbili, na bodi za baadaye zimezificha zote mbili ndani ya chipu kubwa kama 82C206.

Disketi hutumia chaneli 2 na IRQ 6 (waya wa kuita prosesa). Diski ngumu ya XT hutumia chaneli 3, IRQ 5, poti 0x320 (0x maana yake namba ni ya heksadesimali). Lakini diski ngumu ya AT, na IDE iliyoifuata, haitumii 8237 hata kidogo. Prosesa yenyewe inavuta data kupitia poti 0x1F0. Anayehangaika na chaneli za DMA kwa sababu IDE ya 386 inasoma vibaya anapoteza siku yake. Kadi za SCSI (aina nyingine ya kiunganishi cha diski) kama AHA-1542 ni kundi jingine: zinashika basi, yaani njia ya pamoja ya data, na kuandika kwenye kumbukumbu zenyewe, kwa kawaida kupitia chaneli 5, huku 8237 ikiwa imewekwa tu ili kuzipisha.

Majaribio matatu kabla ya bisibisi

Jaza bafa yako (eneo la kumbukumbu la kupokelea data) na 0xA5, soma sekta moja, kisha angalia kilichobadilika. Halafu rudia mara tatu, kila mara ukibadilisha kitu kimoja tu: sogeza bafa kwenye anwani nyingine, ondoa draiva na kadi nyingine zote, zima kache kwenye BIOS. Kosa likihama pamoja na bafa, shida ni anwani. Likipotea kadi nyingine zikitolewa, shida ni wakati au mgongano wa chaneli. Likipotea kache ikizimwa, diski yako ni nzima kabisa. Lisipobadilika kwa lolote kati ya hayo, hapo ndipo pa kushuku kichwa, kebo na disketi yenyewe.

AH=09, au programu inakufa baadaye bila sababu

Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote. 8237 ina anwani ya biti 16 tu. Biti za juu zinakaa kwenye rejista ya ukurasa, nje ya chipu, na anwani ya chipu ikipita 0xFFFF rejista hiyo haiongezeki. Chukua bafa yenye segimenti 0x2FE0 na ofseti 0x0100. Anwani halisi ni 0x2FF00. Ukiomba baiti 512, za kwanza 256 zinaingia sawasawa mpaka 0x2FFFF. Zilizobaki haziendi 0x30000, zinarudi nyuma 0x20000 na kufuta chochote kilichokuwa pale. Sekta inaonekana nusu yake ni sahihi na nusu ni 0xA5 zako. Programu nyingine inakuja kuanguka baada ya muda, na hakuna anayekumbuka disketi.

BIOS hukagua jambo hili na kurudisha AH=09 (AH ni rejista ya prosesa inayobeba msimbo wa kosa). Draiva inayoongea na 8237 moja kwa moja haina mlinzi huyo. Jaribio la DEBUG, programu ya DOS, linaonyesha wazi, kwenye mashini yenye KB 640 na disketi usiyojali kuipoteza:

```
-a 100
mov ax,0201
mov bx,0000
mov cx,0001
mov dx,0000
int 13
int 3
(bonyeza Enter peke yake)
-r es
:7000
-g=100
```

Kwa ES=7000 (segimenti ya bafa) unatakiwa kuona NC (hakuna kosa) na AH=00. Ukiona AH=06, disketi imebadilishwa tu; endesha tena. Kisha weka ES=6FF0 na uendeshe upya: bafa sasa inavuka 0x70000, na jibu linalotarajiwa ni CY (kuna kosa) na AH=09. Kama disketi hiyohiyo inasomwa kwenye 7000 na kukataa kwenye 6FF0, kisoma disketi kimeshinda kesi.

Neno dogo kuhusu kibodi. Ukiwasha kwa disketi isiyo na KEYB (programu ya DOS ya kupanga kibodi), AZERTY yako inafanya kazi kama QWERTY: tarakimu zinatoka bila Shift, kitufe cha Q kinatoa A, na M inapatikana kwenye kitufe chenye koma. Kwenye DEBUG, mtu anayebonyeza Q ili atoke anajikuta ameanza kuandika maagizo mapya. Weka KEYB FR au KEYB BE kwanza, kulingana na kibodi.

Dawa ni kukagua kabla ya kila uhamisho: chukua biti 16 za chini za anwani halisi, jumlisha urefu, na kama jumla inazidi 0x10000, bafa inavuka. Usijaribu kugawanya sekta moja vipande viwili. Njia safi ni kutenga bafa mara mbili ya ukubwa unaohitaji na kutumia nusu isiyovuka. Kwa traki nzima ya disketi ya MB 1.44, yaani sekta 18, unahitaji baiti 9216, basi tenga 18432. Nusu moja lazima iwe salama. Fanya hivyo mara moja draiva inapoanza, si kila mara unaposoma.

Chaneli 5 hadi 7 zina hesabu yake: zinabeba maneno ya biti 16, mpaka wao ni KB 128, anwani inagawanywa kwa mbili kabla ya kuandikwa, biti 0 ya ukurasa haitumiki, na hesabu ni ya maneno, si baiti.

Hakuna kosa, lakini bafa haijabadilika

Angalia baiti ya modi kwenye poti 0x0B. Kwa chaneli 2, kusoma disketi ni 0x46 na kuandika ni 0x4A. Watu huzigeuza kwa sababu 8237 huhesabu kutoka upande wa kumbukumbu: kwake, kusoma disketi ni kuandika kumbukumbu. Ukikuta 0x42, hiyo ni modi ya kuthibitisha tu. Mzunguko wote unafanyika, hali inarudi safi, na hakuna baiti hata moja inayoingia kwenye kumbukumbu.

Mpangilio kamili wa kusoma baiti 512 kwenda anwani halisi 0x300A0 ni huu. Funga intarapti (vifaa kumkatiza prosesa) kwa agizo la CLI. Andika 0x06 kwenye poti 0x0A ili kufunga chaneli 2. Andika chochote kwenye 0x0C. Andika 0x46 kwenye 0x0B. Kwenye 0x04 andika 0xA0 kisha 0x00. Kwenye 0x81 andika 0x03, huo ndio ukurasa. Andika tena chochote kwenye 0x0C, kisha kwenye 0x05 andika 0xFF na 0x01. Andika 0x02 kwenye 0x0A kufungua chaneli, halafu STI ili kuruhusu intarapti tena. Baada ya hapo tu ndipo kontrola ya disketi inapewa amri.

Rejista za ukurasa hazina mpangilio wa kueleweka, kwa hiyo zikariri au zibandike ukutani: chaneli 0 ni 0x87, 1 ni 0x83, 2 ni 0x81, 3 ni 0x82, 5 ni 0x8B, 6 ni 0x89, 7 ni 0x8A.

Kwenye 486 yenye kasi, acha pumzi ndogo kati ya maandishi ya poti. Zamani walitumia JMP ya kuruka baiti sifuri. Kwenye 486 hiyo haitoshi, andika chochote kwenye poti 0x80.

Data ni sahihi, lakini hali inasema mwisho wa silinda

Hapa ST1, baiti ya hali ya kontrola ya disketi, ina biti 7. Kontrola ya disketi haijui unataka sekta ngapi. Inasoma mpaka 8237 iiambie basta kwa waya wa TC (ishara ya mwisho), hesabu ikiisha. Hesabu ikiwa kubwa kuliko data, TC haifiki, kontrola inapita mpaka sekta ya mwisho uliyoitaja na kulalamika.

Sababu ya kwanza ni kusahau kwamba hesabu huandikwa pungufu kwa moja: 512 ni 0x01FF. Ya pili ni flipflopu, swichi ya ndani inayochagua baiti ya chini au ya juu. Kama haikusafishwa kupitia 0x0C, au intarapti imeingia katikati na draiva nyingine ikagusa 8237, baiti zinabadilishana nafasi: 0x00A0 inakuwa 0xA000, na 0x01FF inakuwa 0xFF01, yaani baiti 65282. Data inakwenda pengine kabisa na TC haiji. Ndiyo maana ya CLI hapo juu; si mapambo. Sababu ya tatu ni waya wenyewe: pini B27 ya sloti ya ISA ikiwa chafu, programu sahihi kabisa itatoa kosa hilihili.

Ukipata AH=80, yaani kimya kitupu, angalia poti 0x3F2. Biti 3 lazima iwe 1 ili DMA na intarapti zipite. Kisoma A kinachozunguka huandikiwa 0x1C. 0x14 inawasha mota na taa, lakini hakuna kitakachofika. Vilevile kwenye amri ya 0x03, biti 0 ya baiti ya mwisho lazima iwe 0. Ikiwa 1, kontrola inaacha DMA na kudai prosesa ichukue kila baiti.

XT inaganda, AT haigandi

Kwenye PC na XT, chaneli 0 ndiyo inayohuisha kumbukumbu, takriban kila µs 15. Draiva inayoandika kwenye poti 0x0D, au inayofunga chaneli zote kwa poti 0x0F, inaua uhuishaji huo na RAM inaanza kusahau. Kwenye AT uhuishaji una saketi yake, kwa hiyo draiva hiyohiyo inapita salama. AT nayo ina mtego wake: chaneli 0 hadi 3 zinapita kwenye chaneli 4, na kuandika kwenye poti 0xDA kunaifunga 4. Disketi inakufa mpaka mashini iwashwe upya. Funga chaneli yako tu.

AH=08: baiti zimechelewa kuchukuliwa

Disketi ya MB 1.44 inatoa baiti moja kila µs 16. Ya KB 720 au 360, kila µs 32. Kontrola za zamani za aina ya 765 hazina pa kuweka akiba, na kwa kasi ya juu 8237 lazima ifike ndani ya µs 13 hivi. Isipofika, baiti inafutwa na ST1 inabeba biti 4.

Mshukiwa wa kwanza ni kadi nyingine inayong'ang'ania basi. AHA-1542 hukaa kwenye basi µs 11 kwa mkupuo kama haijapangwa upya. Ukijumlisha na kusubiri zamu, disketi imeshachelewa. Ipunguze mpaka 7 au 5 kwa amri 0x07 ya kadi, na pumziko kwa amri 0x08. Mshukiwa wa pili ni draiva ya sauti au ya skana inayotumia modi ya bloku, ambayo inashika 8237 mpaka imalize. Modi ya kipande kimoja inawatosha wote.

Kama kontrola ni 82077AA au mrithi wake, ina FIFO (akiba) ya baiti 16, lakini imezimwa kila inapoanza. Iwashe kwa baiti nne: 0x13, 0x00, 0x07, 0x00. Sasa inavumilia zaidi ya µs 100 kwa kasi ya 500 kbit/s. Kisha tuma 0x94 ili mpangilio usifutwe na kuanzishwa upya kwa programu. Hiyo ndiyo dawa nafuu kuliko zote, na inashangaza ni draiva ngapi haziitumii.

Migongano ya chaneli ni rahisi zaidi kuona. Kadi ya sauti mara nyingi iko 1 na 5, poti ya printa ya ECP mara nyingi iko 3. AHA-1542 na kadi ya sauti zote kwenye 5 hazitapatana. Hamisha ya sauti. Kuhamisha ya diski ni kutafuta kazi nyingine.

SCSI ilikuwa nzima mpaka EMM386 ilipoingia

EMM386, programu ya DOS ya kusimamia kumbukumbu, hubadilisha ramani: anwani ambayo programu inaiona si lazima iwe mahali RAM ilipo kweli. Kwa 8237 haina shida, kwa sababu EMM386 inazisikiliza poti zake na kurekebisha. Kadi inayoshika basi yenyewe haipiti huko. Inapewa anwani ya programu, inaiandikia kama ilivyo, na data inatua kwa jirani. Kumbukumbu ya kawaida mara nyingi haijahamishwa, ndiyo maana kosa linaonekana pale tu ulipopandisha draiva au bafa juu ya KB 640.

Ondoa EMM386 na ujaribu. Kosa likipotea, weka kwenye CONFIG.SYS:

```
DEVICE=C:\DOS\SMARTDRV.EXE /DOUBLE_BUFFER
```

Hiyo inapitisha kila uhamisho kwenye bafa ya chini. Draiva nzuri haihitaji hilo. Inauliza anwani halisi kupitia huduma za VDS (za DMA chini ya EMM386) kwenye INT 4Bh, baada ya kukagua biti 5 ya baiti iliyo 0040:007B. Ujumbe kwamba bafa ya DMA ni ndogo ni jambo tofauti: ongeza D=64 kwenye mstari wa EMM386. Usijaribu haya kwenye diski yenye kazi ya mteja kabla ya kunakili.

Kuna pia mpaka wa MB 16. ISA ina nyaya 24 za anwani. Ukiweka MB 32 kwenye 486 na kuendesha mfumo unaotumia kumbukumbu yote, bafa iliyo 0x01200000 itaandikwa 0x00200000. Jaribio ni kutoa RAM mpaka MB 16 zibaki. Dawa ni bafa ya chini ya mpaka huo na kunakili kwa prosesa. Kwenye Linux draiva inaiomba kwa GFP_DMA.

Sekta ya zamani inarudi

Unabadilisha disketi, unasoma, unapata orodha ya disketi iliyotoka. Kwenye bodi ya 386 iliyopandishwa Cyrix 486DLC au SLC, prosesa ina kache ya ndani ambayo bodi haikuwahi kuijua. DMA inaandika RAM, kache inabaki na nakala ya jana. Zima kache ya ndani. Kosa likiisha, tumia programu ya Cyrix inayoamuru kache ifutwe kila basi linapochukuliwa, ukikubali hasara ya kasi. Bodi za Pentium zenye PCI hazina ugonjwa huu, maana kache inasikiliza basi.

Kadi, sloti na kuran (umeme)

Vumbi jekundu la kiangazi likikutana na unyevu wa Novemba, pini za ISA zinaota utando. Kwa disketi, pini za kuangalia ni B6 (DRQ2), B26 (DACK2), B27 (TC) na B22 (IRQ6). Safisha ncha za kadi kwa kifutio cheupe, kisha alkoli ya isopropili ya 90% au zaidi. Ile ya 70% ina maji mengi. Ukikosa nyingine, acha kadi ikauke saa kadhaa.

Bodi za okazioni (zilizotumika) zinazopita Kasumbalesa, mpakani na Zambia, mara nyingi bado zina betri ya Ni-Cd ya volti 3.6 iliyovuja. Maji yake ni ya alkali: dondoshea siki kidogo, suuza kwa maji yaliyotoneshwa, maliza na alkoli, halafu pima kwa mita kila njia ya shaba inayotoka kwenye chipu kwenda sloti.

Pima pia 5 V wakati mota ya disketi inaanza kuzunguka. Ikishuka chini ya 4.75, makosa ya DMA yatakuja na kuondoka bila mpangilio, hasa jioni kuran ya SNEL, shirika la umeme, inapolegea au jenereta inapobeba mizigo mingine.

PCI, na CompactFlash badala ya diski

Kwenye Pentium, IDE ina DMA yake. Ikigoma, hakikisha biti 2 ya rejista ya amri ya PCI imewashwa. Jedwali la vipande lazima lipangwe kwenye anwani inayogawanyika kwa 4, kipande kisivuke KB 64, urefu wa sifuri maana yake KB 64, na kipande cha mwisho kibebe biti ya juu kabisa. Mwelekeo ni biti 3: 1 ni kusoma diski. Hali inafutwa kwa kuandika 1, si 0. Anayeandika 0 anabaki na intarapti ya jana. Juu ya UDMA 33, kebo lazima iwe ya nyuzi 80, kontakta ya buluu kwenye bodi.

Wengi hapa huweka CompactFlash kwa sababu diski za MB 500 zimekwisha. Adapta nyingi za bei ndogo hazikuunganisha nyaya za DMA, yaani pini 21 na 29 za IDE na pini 43 na 44 za kadi. Kadi inajitangaza kuwa inaweza DMA, mfumo unaiamini, na mashini inaganda kwenye nembo ya Windows 98. Pima mwendelezo wa pini hizo nne kabla ya kufunga. Kama hazikuunganishwa, lazimisha PIO 4 (prosesa kubeba data yenyewe) kwenye BIOS na uondoe alama ya DMA kwenye sifa za diski.